Dakika za Kwenda Bokoni

Jumatatu, 10 Machi

Nimekokotoa tena. Mara ya kumi na moja. Jibu ni lile lile, kwa hiyo sasa naliamini.

Niiandike kazi yenyewe hapa kwa lugha ya watu, maana ofisini naiandika kwa lugha ya kuwatisha wenzangu. Zahanati kumi na tisa za pwani, wakunga wa kutosha zahanati sita tu. Zipi sita? Unachukua kila kijiji, wajawazito wake, na dakika za kutembea hadi kila zahanati. Unazidisha, unajumlisha. Seti ya zahanati sita yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda. Zile nyingine zinabaki na dawa za malaria na mizani ya watoto. Kitanda cha kujifungulia kinahamishwa. Michanganyiko ni elfu ishirini na saba na ushee, na mashine inaipitia yote kabla chai haijapoa.

Chai nainywa nimejificha stoo. Ni Ramadhani, na Zuhura anakaa meza inayotazamana na yangu. Amefunga, na mimba ya miezi saba. Nilipomsema alinijibu nishughulike na Kwaresima yangu.

Zuhura ndiye aliyesimamia makarani waliokusanya zile dakika. Kijiji chao wenyewe, Ndagoni, alikipita yeye nyumba kwa nyumba. Zahanati ya Ndagoni haikuchaguliwa. Kutoka pale hadi zahanati ya Bokoni ni dakika thelathini na tano tu. Nilimwonyesha kwenye skrini, nikiogopa atanuna. Alicheka. Alisema kijiji chao kimepigwa chenga na hesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewasilisha. Mkuu wa mradi alisimama akapiga makofi peke yake, wengine wakafuata. Kwa wastani kila mama ataokoa muda wa kutembea. Nilionyesha ramani, mistari kutoka kila kijiji hadi kituo chake, inavutia kama kazi ya mshonaji.

Nina fahari. Miaka minne ya chuo baba alikuwa akiuza pilipili hoho na viazi ili nisome hesabu, na watu wa Lushoto walikuwa wakimuuliza hesabu zinaliwa na nini.

Vitanda vitahamishwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita. Zuhura kaleta vileja na kaimati, nimekula hadi aibu.

Kasema Ijumaa ijayo anaanza likizo, anakwenda kwao Ndagoni kujifungua. Nilidhani atajifungulia mjini. Anakaa Makorora, bajaji hadi hospitali haichukui hata dakika kumi. Alinitazama kama mtoto. Mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Athumani, mume wake, fundi bandarini, hana neno. Hata angekuwa nalo, asingethubutu kumwambia mama mkwe.

Nikauliza ni wangapi wanaofanya hivyo. Wote, akasema. Kila binti aliyeolewa mjini hurudi.

Wajawazito niliwahesabu pale wanapokaa, kwa mujibu wa daftari la makazi. Ndagoni nimeiwekea wachache mno. Vijana wameondoka, wamebaki wazee na wavuna chumvi. Kumbe wale walioondoka wanarudi, na wanarudi siku ile ile ninayotakiwa kuwahesabu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekokotoa upya. Mimba za kwanza nimezirudisha vijijini kwa mama zao, kwa kukisia. Seti yenye Ndagoni imepanda, ikawa ya pili kwa ubora. Tofauti ni ndogo, lakini ya pili ni ya pili.

Nilifarijika. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifarijika kwamba sikulazimika kwenda kwa Mkuu kumwambia nilikosea.

Ijumaa, 11 Aprili

Zuhura ameondoka leo. Meza yake tupu, ameacha kalamu na chanuo. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Niandike yote hata kama mkono unauma.

Nimeomba gari la ofisi likaniacha Bokoni asubuhi. Nilimwambia Mkuu ni ukaguzi. Kwa kweli nilitaka kuona ile njia ya dakika thelathini na tano, basi, niache kuiwaza.

Nesi Rehema, mkunga wa Bokoni, alinipokea vizuri. Kitanda cha Ndagoni kipo kwake, kimefungwa bado kwenye karatasi ya nailoni kwa kukosa nafasi. Akanielekeza njia. Inashuka nyuma ya zahanati hadi kwenye mikoko, inakata mkondo, inatokea Ndagoni. Saa nne na kitu mkondo ulikuwa hauna maji. Mchanga mgumu, katikati kijito kidogo cha kufika kwenye vifundo. Wanawake walikuwa wakija na kwenda wamepandisha kanga, wengine na watoto mgongoni. Nami nikavua viatu. Nilijisikia mjinga kwa hofu yangu yote.

Mama yake Zuhura, Bi Mwanakombo, aliniona tangu uwanjani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia na papo hapo akaniuliza mbona nimekonda. Samaki wa nazi, wali. Zuhura miguu imemvimba lakini anacheka. Nikakaa. Saa tisa nikaaga.

Bi Mwanakombo akauliza naenda wapi. Nikasema Bokoni, narudi nilikopita. Walicheka wote wawili.

Maji yalikuwa yamejaa. Pale nilipopita na viatu mkononi palikuwa bahari. Vichwa tu vya mikoko vinaonekana.

"Kwani njia hii inapitika saa ngapi?" niliuliza.

"Maji yakitoka," Zuhura alisema. "Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, asubuhi hivi, kama leo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayatoki ya kutosha."

"Na maji yasipotoka mnafanyaje?"

"Tunangoja."

Nikamwuliza kwa nini basi aliandika dakika thelathini na tano. Hakuelewa swali. Alinitazama, akamtazama mama yake.

"Ndizo dakika zake," alisema. "Bokoni watu wanakwendaje tena? Mtu hatoki nyumbani kabla hajajua maji."

Nilimwelewa hapo hapo. Karani aliuliza, unatembea dakika ngapi hadi Bokoni? Na mtu wa Ndagoni akajibu dakika za kutembea. Kungoja si kutembea. Huku kila mtu anajua mwezi una siku ngapi, na hakuna anayemweleza mwenzake jambo ambalo hata mtoto analijua. Hawakunidanganya. Mimi ni mtu wa milimani, kwetu njia ikiwepo asubuhi, jioni ipo.

Walitaka kunivusha kwa mtumbwi, maji yakiwa hivi unapita. Naogopa maji, sijui kuogelea. Nikachukua bodaboda kwa barabara ya kuzungukia mashamba ya mkonge. Ilituchukua saa mbili na dakika hamsini. Tulianguka mara moja kwenye utelezi. Mimi si mjamzito.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepitia fomu zote. Vijiji saba kati ya kumi na tisa vyenye zahanati viko kwenye mikondo. Vyote vimejibu hivyo hivyo.

Nimekwenda kwa Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Kasema nikokotoe upya, nilete, atalipeleka kwenye kikao. Kikao kipo baada ya Pasaka. Vitanda vimeshahama, wakunga wameshapewa barua, haviwezi kurudi kwa simu. Kasema pia kwamba tukibadilisha kila mwezi hakuna atakayetuamini. Nilitaka kumwambia kwamba hata sasa hatustahili kuaminiwa.

Nimempigia Zuhura arudi mjini. Kakataa. Mama yake ameshaanza kumkanda, na tarehe yake ni katikati ya Mei. Wamepanga kuvuka bamvua la mwisho wa mwezi, wakae Bokoni kwa shangazi yake mpaka siku ifike. Mpango mzuri. Wanaijua bahari yao kuliko mimi.

Bamvua ni tarehe ishirini na saba au nane. Siku kumi na mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Dakika mpya nimezipata kwa simu, kijiji kwa kijiji. Safari hii niliuliza: ukipata uchungu saa hii hii, unafika lini? Watu wanahesabu siku za mwezi kabla ya kujibu. Mzee mmoja aliniuliza uchungu wa nani, nani amekufa.

Nimekokotoa. Ndagoni imeingia. Si kuingia tu, imo katika kila seti nzuri, ukiitoa jumla inapaa. Bokoni ndiyo inayotoka. Tumehamisha kitanda kutoka mahali kinapohitajika kuliko pengine pote, tukakipeleka mahali ambapo kimekosa hata pa kukaa.

Nimemwachia Mkuu karatasi mezani. Alikuwa ameshaondoka kwa sikukuu.

Kesho naenda Lushoto. Ningeweza kwenda Ndagoni na gari la kukodi, kwa barabara, kabla mvua hazijaikata. Nimeliwaza hilo. Kisha nikawaza baridi ya nyumbani, kwaya, mama. Nimechoka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa limejaa hadi nje. Baba ananitambulisha kwa watu, huyu ndiye anayepanga hospitali za Tanga. Nikamwambia si hospitali na sipangi. Akacheka akarudia vile vile kwa mwingine.

Mwezi unapungua. Zamani nilikuwa siutazami kabisa. Sasa nautazama kila jioni na sipendi ninachokiona. Tunaelekea maji mafu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi mjini, chumbani kwangu Nguvumali. Mvua tangu Korogwe.

Nimeongea na Zuhura kidogo. Mgongo unamuuma tangu jana. Mama yake kasema ni mtoto anajigeuza. Alinitania kuwa sauti yangu imekuwa ya mkwe. Mawasiliano yakakatika.

Dereva wa bodaboda yule wa siku ile nimempigia. Barabara ya mashambani imekatika kwenye kalavati, hata pikipiki haipiti.

Kwa hiyo hakuna barabara, na maji ni mafu. Nimechora kijiji kile kwenye karatasi na sikuwa na mstari wa kuutoa kwenda popote.

Jumatano, 23 Aprili

Simu ya Zuhura haipatikani. Asubuhi, mchana, jioni. Ya Bi Mwanakombo inaita tu.

Sijafanya kazi. Jedwali la maji nimelibandika ukutani. Leo yanajaa saa tano, yanapwa saa kumi na moja jioni, na kupwa kwenyewe si kupwa.

Naogopa. Nimepiga magoti, sijui nimeomba nini.

Alhamisi, 24 Aprili

Athumani kapiga simu saa tatu asubuhi. Alieleza kwa utulivu kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Uchungu ulianza jana karibu saa sita. Bi Mwanakombo akaona damu, akajua si kazi ya kufanyia nyumbani. Nesi wa Ndagoni alihamishwa pamoja na kitanda, pale kuna mhudumu wa dawa tu. Wakampakia kwenye mtumbwi saa nane, wanaume wanne, baba yake akiwa mmoja wao, na mama yake. Maji yalikuwa yanapungua lakini walihesabu watawahi. Hawakuwahi. Upande wa Bokoni mtumbwi ukakwama kwenye tope. Maji haba kwa mtumbwi, mengi kwa mtu. Mmoja alishuka akazama hadi kifuani, wakamvuta kwa kasia. Zahanati wanaiona. Bati la zahanati wanaliona. Nesi Rehema alikuja hadi ukingoni akawa anawapigia kelele za maelekezo, fanyeni hivi, mshikeni hivi.

Wakangoja maji.

Mtoto alizaliwa saa kumi. Wa kike. Alilia mara mbili, Bi Mwanakombo akamfunga kwenye kanga. Maji yaliporudi ya kutosha ilikuwa saa moja na nusu. Zuhura alifika hai. Mtoto hakufika.

Athumani akaniambia pole. Yeye kuniambia mimi pole, eti kwa kuwa Zuhura ni rafiki yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikwenda kazini.

Jumapili, 27 Aprili

Bamvua. Sikwenda kanisani, nimekwenda Ndagoni. Zuhura wamemrudisha kwa mama yake jana asubuhi, kwa miguu ya watu, kitandani.

Nilivuka kwa mguu kutoka Bokoni. Nilitazama saa. Dakika thelathini na nne. Jua, mchanga safi, ndege wanadonoa. Nikapita kando ya mfereji uliochimbwa na mtumbwi kwenye tope, bado unaonekana. Ni karibu na ukingo kiasi kwamba ningeweza kurusha kiatu kikafika. Niliketi pale hadi nikaona aibu kwa waliokuwa wakipita.

Bi Mwanakombo alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwamkia. Alisema ni amana, mwenyewe kaichukua. Hakuna aliyenilaumu pale, wala hakuna anayejua kwamba yuko wa kulaumiwa. Wanajua kitanda kilihamishwa na serikali, na serikali huhamisha vitu.

Zuhura anajua. Mama yake alipotoka kuchota maji, alisema akiwa ameelekea ukutani:

"Mie ndiye niliyeandika zile dakika."

"Mimi ndiye niliyeuliza vibaya," nikasema.

"Nimezaliwa hapa. Mie ndiye niliyeandika."

Nikarudia langu, akarudia lake. Kisha tukaacha, maana tulikuwa kama tunagombania kitu. Alinishika mkono. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake, na hapakuwa na la kufanya.

Niliondoka mapema. Sasa najua saa ya kuondoka.

Jumatatu, 12 Mei

Taarifa ya Aprili imetoka wilayani. Nimeisoma mara tatu.

Bokoni: waliojifungua tisa, vifo vya watoto hakuna. Ndagoni: waliojifungua hakuna, vifo hakuna. Mtoto anaandikwa kwenye kituo alikozaliwa. Nesi Rehema alimpokea mama aliyekwisha kujifungua, akamwandika mgonjwa wa kutokwa damu. Ndagoni haina tena daftari la uzazi. Yule mtoto hayumo popote.

Kikao kilikaa. Mkuu alipeleka hesabu zangu mpya, simnyimi haki yake, alizitetea. Akaulizwa kama kuna madhara yoyote yaliyoonekana tangu vitanda vihamishwe. Taarifa iko mbele yao. Hakuna. Basi wakaamua mpango ulivyo uendelee mpaka mwisho wa mwaka wa fedha, na utathminiwe kwa takwimu za vituo.

Kwa takwimu za vituo. Nimelielewa vizuri sana hilo, kuliko mtu yeyote aliyekuwamo humo ndani. Wanaokwama hawafiki, wasiofika hawaandikwi, na wasioandikwa hawana uzito kwenye jumla yangu. Kila atakayekwama atafanya Ndagoni ionekane haihitaji kitu. Nikiiacha mashine na takwimu hizo, mwakani itaniambia nilipatia.

Nilimwambia Mkuu kuhusu mtoto. Akaniuliza kama kuna karatasi.

Alhamisi, 15 Mei

Leo au kesho ndiyo ilikuwa tarehe yake. Zuhura hakupiga simu na mimi sikupiga.

Jumatatu, 2 Juni

Zuhura amerudi kazini. Amekonda, amejifunga mtandio mweusi, amenisalimia kama kawaida. Akafungua kompyuta, akajibu barua zake za wiki saba. Saa nane akavuta kiti akaja upande wangu.

Aliomba taarifa ya Aprili. Nilitaka kumficha, nikaona si haki. Akaisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Alipofika Ndagoni kidole kilisimama.

Hakulia. Aliuliza fomu ya kuongeza tukio lililosahauliwa iko wapi. Nikamfungulia. Jina la mama, kijiji, umri, tarehe. Jinsia ya mtoto. Ilipofika kituo cha kujifungulia, orodha ikashuka na zahanati zake kumi na tisa, uchague moja. Fomu haikubali kuachwa wazi. Bokoni si kweli. Ndagoni si kweli.

"Aliitwa Mwanaisha," alisema. "Babu yake alimsomea adhana mtumbwini, akampa jina."

Hakuna pa kuandika jina la mtoto kwenye fomu. Nimeliandika hapa.

Orodha ya vituo ni mimi niliyeitengeneza, na mimi ndiye mwenye ufunguo wake. Nikaifungua. Nikaongeza mstari chini ya ule wa mwisho. Jina la kituo: Mkondo wa Bokoni. Mkunga: hakuna. Kitanda: hakuna. Waliojifungua Aprili: mmoja. Waliofariki: mmoja. Saa ya kuzaliwa niliandika saa kumi, kama nilivyoambiwa na Athumani.

Zuhura akasoma, akarekebisha, saa kumi kasorobo. Nikahifadhi. Kisha tukafunga madirisha maana mvua ilikuwa inaingia.